Mitego Iliyojificha Sokoni, Jikoni na Duka la Dawa: Maswali Wanayouliza Sana Watu wa Kigoma

Maswali haya yametoka kwa majirani na wateja wa Mwanga, Gungu, Katubuka na Ujiji, na machache ni ya ndugu waliohamia Dar es Salaam ambao kila treni ikiondoka wanataka watumiwe dagaa na mawese. Ukiyasoma kwa pamoja utaona mengi yana mzizi mmoja: tunaamini macho kupita kiasi. Cheupe tunakiita safi, kidogo tunakiita nafuu, na mgonjwa aliyeacha kutetemeka tunamwita mzima. Majibu hayalingani urefu, kwa sababu mitego nayo hailingani ukubwa.

Dagaa ninunue kwa kilo au kwa kisado?

Kila kipimo kina ujanja wake, kwa hiyo jua kwanza ujanja upi unakuhusu.

Ukinunua kwa kilo, unalipia uzito. Mchanga una uzito, na maji yana uzito. Dagaa ambaye hajakauka vizuri anapendeza kwenye mizani ya muuzaji, ila ukimweka nyumbani siku mbili tatu anasinyaa, na pesa yako imekauka naye. Chukua dagaa mmoja umpinde. Aliyekauka anakatika kwa sauti. Anayejikunja kama utepe bado ana maji, na huyo ndiye atakayeota ukungu kwenye ndoo yako.

Ukinunua kwa kisado au kopo, unalipia nafasi. Hapo mchanga haukuumizi sana, kinachokuumiza ni hewa. Dagaa wakubwa waliomwagwa bila kutikiswa wanajaza kisado upesi huku katikati kukiwa na mapengo. Kisha kuna chombo chenyewe. Kopo lililobonyezwa kitako kwenda ndani, au lililowekewa karatasi chini, kwa juu linaonekana zima. Ingiza mkono uguse kitako kabla hajaanza kupima. Mwenye duka mwaminifu hatanuna, na akinuna umeshapata jibu.

Ninavyoona mimi, kwa dagaa mkavu na msafi, kilo ni haki zaidi. Kwa dagaa uliyemwona ana mchanga, bora kisado, ukikitikisa mwenyewe.

Mbona bei ya dagaa inapanda na kushuka ndani ya mwezi mmoja?

Tazama juu usiku. Dagaa wa Ziwa Tanganyika wanavuliwa usiku kwa taa, na taa ndiyo inayowavuta kuja juu. Mwezi ukiwa mpevu, taa hazifui dafu mbele ya mbalamwezi, mitumbwi mingi inapumzika, na bei kwenye mwalo wa Kibirizi inapaa. Kukiwa na giza, mzigo unashuka kwa wingi na bei inalegea. Anayenunua kila siku kwa mazoea anaishia kulipa bei zote mbili. Anayeweka akiba ya wiki mbili wakati wa giza analipa ile ya chini.

Jua nalo lina bei yake. Dagaa wa kiangazi wanakauka kwa siku moja au mbili na kubaki na rangi ya fedha. Wa masika wanalala bila jua, matumbo yanapasuka, rangi inageuka manjano na mafuta yao yanachacha. Ukiona dagaa wa njano wanauzwa bei chee mwezi wa tatu, sababu ndiyo hiyo.

Halafu kuna kufungwa kwa ziwa. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Kipindi kama hicho kinapotangazwa, nunua mapema dagaa waliokauka sawasawa. Usingoje wiki ya mwisho, ambapo kila mtu anauza hata alichokuwa amekificha stoo.

Ninunue walioanikwa chini au kwenye chanja?

Wa kwenye chanja, hata kama bei imezidi kidogo. Walioanikwa chini wanabeba mchanga, na mchanga ni dalili tu ya yale mengine wanayoweza kuokota: kinyesi cha kuku, mate ya mbwa, nyayo za watu. Kuosha kunatoa mchanga kwa sehemu.

Ila uliza chanja imetandikwa nini. Chandarua cha kulalia kimewekwa dawa ya kuua wadudu, na dawa hiyo haikutengenezwa kukaa kwenye chakula. Ukiona dagaa wameanikwa juu ya chandarua, au ukisikia harufu ya dawa ya mbu kwenye samaki mkavu, usitafute punguzo. Ondoka.

Mawese niliyonunua yametengana, juu mekundu na chini kama uji mzito. Nimepigwa?

Hapana, hujapigwa. Mawese halisi yana mafuta ya aina mbili: mengine yanabaki majimaji, mengine yanaganda kwa baridi ya kawaida ya usiku. Dumu likikaa bila kuguswa, yanayoganda yanashuka chini. Weka dumu juani au kwenye beseni la maji ya moto, tikisa, yatarudi kuwa kitu kimoja. Kosa linalofanyika ni kumimina ya juu tu na kumwachia mteja wa mwisho yale ya chini, au wewe mwenyewe kuyatupa ukidhani ni uchafu.

Cha kuogopa ni maji. Pasha kijiko kimoja kwenye kikaango: yakianza kurukaruka na kupiga kelele kabla hayajapata moto sawasawa, yana maji, na mawese yenye maji yanachacha upesi.

Na dumu, tafadhali. Watu wanachunguza mafuta wanasahau chombo. Dumu lililowahi kubeba dawa ya shamba, rangi au kemikali ya aina yoyote halisafishiki kwa sabuni na mchanga. Plastiki inanyonya, kisha mafuta yanakuja kuvuta kilichonyonywa. Kwa mzigo wa kupeleka Dar, tumia dumu ambalo tangu mwanzo lilikuwa la mafuta ya kula.

Je, mawese ni mabaya kwa moyo?

Karibu nusu ya mawese ni mafuta yale mazito ambayo yakizidi mwilini yanapandisha kolesteroli mbaya. Huo ni ukweli, na mtu mwenye shida ya moyo anapaswa kuyapunguza. Ila mawese mekundu yasiyosafishwa yana karotini nyingi, ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, na vitamini A ndiyo inayolinda macho na kinga ya mtoto.

Sasa angalia tunachofanya. Tunayaweka jikoni, tunayaunguza mpaka moshi ujae nyumba na wekundu wote upotee, kisha tunajisifu kwamba yamekuwa meupe na hayana harufu. Wekundu ndiyo ile karotini. Tumeichoma yenyewe tukabaki na mafuta mazito peke yake. Ukitaka faida ya mawese, yaweke kidogo, mekundu, kwenye maharage au sombe (kisamvu), dakika za mwisho.

Mafuta ya kukaangia yaliyorudiwa mara nyingi ni habari nyingine. Yakiwa meusi, yanatoa povu na moshi mapema, yamekufa, yawe mawese, alizeti au ya kopo. Kwenye kibanda cha chipsi angalia kikaango kabla ya kuangalia chipsi.

Mafuta ya mise, yanayokamuliwa kwenye kiini cha ndani cha mbegu, ni mazito kuliko mawese. Kwa sabuni yanafaa mno. Kuyafanya mafuta ya kila siku ya kupikia nyumba nzima, mimi nisingeshauri.

Chupa ya mafuta imeandikwa «haina kolesteroli». Je, ndiyo ninunue hiyo?

Hakuna mafuta ya mmea yenye kolesteroli ya maana. Kolesteroli inatoka kwa wanyama. Maneno hayo yangeweza kubandikwa kwenye dumu la mawese la bibi yako na yasingekuwa uongo. Unalipia maandishi.

Kununua kidogo kidogo kwa Mangi si ndiyo nafuu kwa mtu wa kipato cha siku?

Ni nafuu leo. Chukua hesabu ya mfano: kipimo cha mafuta cha mililita 100 kwa shilingi 600, na lita nzima kwa shilingi 5,000. Vipimo kumi ni lita moja, shilingi 6,000. Anayenunua kipimo kimoja kila siku kwa siku 30 ametumia lita tatu na kulipa shilingi 18,000. Aliyenunua lita tatu amelipa 15,000. Fanya hivyo kwenye sukari, sabuni ya unga, mkaa wa kwenye kopo na mchele, na utaona kwa nini mwenye kipato kidogo ndiye anayelipa bei kubwa kuliko wote mtaani.

Usiambiwe kirahisi tu kwamba «nunua kwa jumla», kana kwamba hela ipo ila hutaki. Wanaofanikiwa hapa wananunua kwa kuchangishana: mama watatu wananunua dumu moja la mafuta au gunia la mkaa na kugawana kwa kipimo kile kile mbele ya wote. Wengine wanapokea zamu yao ya mchezo wa kupeana fedha na kuimalizia kwenye vitu visivyoharibika kabla haijapata miguu.

Tahadhari mbili. Mafuta yakiwa mengi nyumbani mkono unakuwa mwepesi, na faida yote inaishia kwenye kikaango, kwa hiyo pima ya wiki uyaweke kwenye chupa ndogo. Na pakiti kubwa si lazima iwe rahisi. Gawanya bei kwa uzito ulioandikwa, kisha usome uzito wenyewe: pakiti inayofanana kabisa na ya kilo inaweza kuwa na gramu 900.

Unga wa muhogo mweupe sana ndio mzuri?

Weupe haukwambii kilicho muhimu. Muhogo, hasa ule mchungu, una sumu ya sianidi, na dawa yake ni muda: kumenya, kuvundika kwenye maji siku tatu au nne mpaka ulainike, kisha kuanika mpaka ukauke kabisa. Kivunde kilichofuata njia hiyo kina uchachu kidogo na harufu yake tunaijua wote.

Mtego unakuja wakati bei ya unga iko juu au njaa imebana. Watu wanafupisha: siku moja majini, siku moja juani, mashineni. Unga unatoka mweupe pee, na sumu imo. Mwaka 1985, wakati wa ukame, wilayani Tarime mkoani Mara watu walipooza miguu kwa ugonjwa unaoitwa konzo, baada ya kula muhogo mchungu uliofupishwa namna hiyo huku mboga ya protini ikiwa adimu. Ulemavu huo haurudi nyuma.

Ukinunua unga uliosagwa tayari, unanunua uaminifu wa mtu usiyemwona. Nunua makopa, yaani vipande vya muhogo uliovundikwa na kukaushwa, yaone na uyanuse, kisha peleka mashineni mwenyewe. Yenye ukungu wa kijani au mweusi usichukue hata akikupa bure.

Na sombe?

Majani ya muhogo nayo yana sumu hiyo hiyo. Twanga vizuri, yaache kidogo, kisha chemsha muda mrefu bila kufunika sufuria, ili sumu itoke na mvuke. Wanaoharakisha kwa kuwa gesi ni ghali, wanaiokoa gesi tu, sumu inabaki.

Unga wa lishe wa mtoto unaouzwa sokoni, wenye nafaka saba na karanga, unafaa?

Hili ni swali ambalo ningependa kila mama aliulize.

Wingi wa nafaka si sifa. Mtoto hahitaji nafaka saba; anahitaji uji usio mwepesi kama maji, wenye kitu cha kujenga mwili ndani yake. Hatari iko kwenye karanga na mahindi. Vikikaa na unyevu vinaota kuvu inayotoa sumukuvu, na sumu hiyo haionekani, haina ladha, na haifi kwa kuchemsha uji. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilipoteza watu kwa mahindi yenye sumukuvu. Ikiingia kidogo kidogo kwa miaka inadhuru ini, na kwa mtoto inahusishwa na kudumaa.

Karanga nzima unaweza kuichambua: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu, unatoa. Na zile zilizochambuliwa na kutolewa, huwa zinakwenda wapi? Si zote zinatupwa. Zikishasagwa hakuna jicho la kuzitambua. Kwa hiyo nunua karanga nzima, chambua mwenyewe juani, onja moja moja, na yenye uchungu tema, maana sumukuvu haina ladha lakini uchungu ni dalili ya karanga iliyoharibika. Saga kidogo cha wiki mbili. Karanga na dagaa vina mafuta, na unga wake ukikaa miezi unachacha. Soya ikaangwe kabla ya kusagwa.

Ukipenda njia rahisi kuliko zote: uji wa dona ya mahindi makavu uliyoyachambua, na dagaa waliosagwa au yai vikiongezwa wakati wa kupika. Haina jina la kuvutia kwenye pakiti.

Chumvi ya mawe kutoka Uvinza ni bora kuliko ya pakiti?

Uvinza imekuwa ikitoa chumvi tangu zamani sana, kabla hata ya Wajerumani, na hakuna ubaya kwenye chumvi ya huko. Swali ni moja tu: imewekwa madini joto au la? Chumvi inayouzwa kwa kupimwa kwenye gunia lililo wazi mara nyingi hujui, na hata ikiwa iliwekwa, jua na unyevu vinayapunguza. Madini joto yakikosekana, uvimbe wa shingo ni sehemu inayoonekana. Isiyoonekana ni ubongo wa mtoto aliye tumboni. Nunua iliyoandikwa kuwa ina madini joto, ihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko, na itie chakula kikikaribia kuiva.

Kiasi nacho kina kikomo. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na humo hesabu dagaa wa chumvi, viungo vya mchemraba, mkate na ile chumvi ya mezani.

Nitajuaje asali halisi? Nimeambiwa niichovye njiti ya kiberiti.

Njiti itawaka kwenye asali halisi na inaweza kuwaka kwenye ya kughushi pia. Kuidondosha kwenye maji, kuangalia kama sisimizi wanakuja, kuipaka kwenye ukucha: yote hayo hayathibitishi kitu, maana yanapima uzito na maji tu, na mwenye kuchemsha sukari anajua kuifanya nzito. Na asali iliyoganda chembechembe si lazima iwe na sukari. Asali nyingi halisi huganda. Kinachosaidia ni kumjua mfugaji au kikundi kinachouza, Kibondo, Kasulu au Uvinza, na kurudi kwake mwaka hadi mwaka.

La muhimu zaidi: mtoto chini ya mwaka mmoja asilambishwe asali, hata halisi, hata kwa kikohozi. Inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvidhibiti, vikatoa sumu inayolegeza misuli na kuzuia pumzi. Na kwa mwenye kisukari, asali ni sukari.

Juisi ya boksi si bora kuliko soda?

Soma mbele ya boksi. «Juisi ya embe» na «kinywaji chenye ladha ya embe» ni vitu viwili. Cha pili mara nyingi ni maji, sukari, rangi na harufu. Geuza nyuma utafute gramu za sukari kwa kila mililita 100 na uzidishe. Kinywaji chenye gramu 10 kwa mililita 100, kwenye chupa ya mililita 350, kina gramu 35. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi takriban gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ikishuka hadi 25 ni bora zaidi. Chai ya asubuhi bado hatujaihesabu. Embe lenyewe, msimu ukifika, liko palepale Mwanga kwenye mafungu.

Bidhaa imebakiza wiki moja kuisha muda, inauzwa nusu bei. Ninunue?

Kama utaimaliza ndani ya wiki, nunua na ufurahi. Kama ni katoni, jiulize vizuri. Kwa maziwa ya watoto, nyama ya kopo na dawa, mimi sikaribii tarehe. Na kopo lililovimba halina tarehe, hata kama limeandikwa bado mwaka mzima. Tupa bila kulifungua. Stika mpya iliyobandikwa juu ya tarehe ya zamani, ibandue mbele ya mwenye duka.

Maji ya ziwa letu ni angavu mpaka unaona mawe chini. Lazima tuchemshe?

Lazima. Ziwa Tanganyika ni la pili kwa kina duniani na uangavu wake ni fahari yetu, lakini kipindupindu hakina rangi. Mei 2015, wakimbizi wa Burundi waliporundikana Kagunga, kipindupindu kilipita kwenye maji haya haya yanayong'aa.

Chemsha mpaka yatokote kwelikweli, au weka dawa ya klorini na usubiri nusu saa. Mtego mkubwa uko baada ya hapo: maji yamechemshwa vizuri, yamepoa, kisha kila mtu anachota kwa kikombe chake na vidole ndani. Ndoo yenye bomba imemaliza tatizo hilo. Maji ya kandoro, yale ya kwenye mfuko, na chupa zinazojazwa upya ni hadithi ile ile. Kwa chupa, hakikisha ule mduara wa kifuniko unakatika mkononi mwako.

Ufukweni, penye majani na maji yaliyotulia, kuna konokono wa kichocho. Kufua na kuogea hapo kuna gharama ambayo huji kuiona mpaka baadaye sana.

Maharage ya moto kwenye mfuko wa nailoni yana shida?

Yana shida. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 2019, ila vifungashio vyepesi vimebaki na vinapokea kila kitu, mpaka chai na supu. Plastiki laini ikikutana na joto na mafuta inaachia kemikali zake kwenye chakula. Vivyo hivyo kwa nailoni ya kufunikia wali kwenye sufuria. Beba hotpoti au bakuli lenye mfuniko. Mama ntilie wengi wanakuongezea kijiko ukienda na chombo chako, maana umewaokolea kifungashio.

Nikisikia homa nikimeza mseto kuna ubaya gani? Kigoma malaria ni jambo la kawaida.

Kwa sababu ni ya kawaida ndiyo maana inakuwa mtego. Kila homa inaitwa malaria. Homa ya mapafu, taifodi, maambukizi ya mkojo, vyote vinaanza na joto na kichwa kuuma. Kipimo cha haraka ni tone la damu na muda mfupi wa kusubiri. Pima kwanza.

Ukishaandikiwa mseto, kwa mtu mzima ni vidonge 24: vinne mara ya kwanza, vinne baada ya saa 8, kisha vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili zinazofuata. Kunywa na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, vinginevyo dawa haiingii vizuri mwilini. Mwenzako yeyote atakayekuambia «bakiza sita, dada yako akiugua zitamfaa» anakuharibia wewe na dada yako. Siku ya pili unasikia vizuri kwa kuwa vimelea vingi vimekufa, na vilivyobaki ndivyo sugu.

Kwa antibayotiki ni hivyo hivyo, tena mbaya zaidi. Amoksilini ya buku mbili, vidonge sita kwenye kikaratasi, kwa mafua: mafua ni ya virusi na hayamjui huyo amoksilini. Unachofanya ni kuwafundisha bakteria wa mwilini mwako kuizoea dawa, ili siku utakapoihitaji kweli isifanye kazi. Duka la dawa muhimu lenye kibali litakuuliza cheti au dalili. Linalouza chochote kwa yeyote, jiulize linanunua wapi.

Parasetamoli ni dawa nyepesi, si ndiyo?

Ni salama kwa kiasi chake. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Tatizo ni kwamba dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani bila wewe kujua. Unameza viwili vya kichwa, viwili vya mafua, kisha jioni unarudia, na ini ndilo linalolipa. Soma viambato nyuma ya boksi.

Diklofenaki ndiyo ninayoiogopa zaidi. Wabeba mizigo wa bandarini na wakulima wanaimeza kila jioni kwa ajili ya mgongo. Inachubua tumbo mpaka vidonda, inapandisha presha na kuumiza figo, na zaidi kwa mtu aliyefanya kazi juani bila kunywa maji. Kama mgongo unadai dawa kila siku, unadai uchunguzi.

Presha yangu imeshuka, niache dawa?

Imeshuka kwa sababu ya dawa. Endelea, na ukitaka kupunguza, zungumza na daktari. Presha haikupi taarifa ikipanda. Unapopima, kaa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, usiongee. Aliyepimwa akiwa amefika tu kwa bodaboda hakupimwa.

Mke wangu mjamzito anakula udongo wa pemba. Nimzuie?

Usimgombeze, mpeleke kliniki apimwe damu. Hamu ya udongo mara nyingi inakwenda pamoja na upungufu wa madini ya chuma. Udongo wenyewe unaweza kuwa na mayai ya minyoo na hata madini ya risasi, na tena unazuia chuma kidogo alichokula kisiingie mwilini.

Chai nayo inafanya hivyo. Kikombe cha chai ya rangi juu ya maharage na mchicha kinapunguza chuma unachopata kwenye mlo huo. Chai iwe saa moja kando ya chakula, na mezani pawe na limau au chungwa. Hilo halina gharama, na sijui kwa nini halisemwi zaidi.

Losheni ya kung'arisha yenye maandishi ya Kifaransa tu, ni salama?

Kipodozi usichoweza kusoma viambato vyake usikipake. Vingi vya kung'arisha haraka vina zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali. Ngozi inang'aa miezi ya kwanza, kisha inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, na kidonda kidogo kinakataa kupona. Zebaki inafika kwenye figo. Mkorogo wa kuchanganyiwa kwenye kopo ni mbaya zaidi, maana hata aliyeuchanganya hajui kilichomo.

Nikiuziwa kitu kibovu, nilalamike wapi?

Mizani au kopo la kubonyezwa: Wakala wa Vipimo. Chakula na vipodozi: Shirika la Viwango, TBS. Dawa na vifaa tiba: Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Wengi bado wanasema TFDA, ile mamlaka ya zamani ya chakula na dawa, lakini mwaka 2019 kazi zake ziligawanywa, chakula na vipodozi vikaenda TBS. Bidhaa bandia: Tume ya Ushindani. Wapelekee bidhaa yenyewe, pakiti yake na risiti. Risiti ndiyo tunayoiacha kaunta.